Nani Alipie Mkaa

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kampuni ya Sandoz huko Schweizerhalle, pembeni mwa mji wa Basel nchini Uswisi, liliwaka moto. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya tani elfu moja za kemikali, nyingi zikiwa dawa za kuulia wadudu. Wazimamoto walimwaga maji usiku kucha, na maji hayo yakatiririka hadi mto Rhine yakiwa yamebeba sumu pamoja na rangi iliyokuwa imehifadhiwa humo. Kulipokucha mto ulikuwa mwekundu. Mikunga walikufa kwa makumi ya maelfu, na mitambo ya maji iliyokuwa ikichota Rhine, kuanzia Ujerumani hadi Uholanzi, ikafunga mabomba yake.

Watu wa maabara walipoanza kupima maji ya mto walikuta kitu ambacho hakikuwemo kwenye orodha ya ghala lile. Kilikuwa atrazini, dawa ya kuua magugu. Sandoz haikuwa na atrazini ghalani. Mwenye nayo alikuwa jirani yake, Ciba-Geigy, ambaye siku chache baadaye alikiri kwamba lita zipatazo 400 zilivuja kutoka kwake siku hizo hizo. Uvujaji huo haukuwa na moto wala king'ora, na kama ghala la jirani lisingeungua sioni ni nani angekwenda mtoni kupima siku ile.

Tukio hilo lina mengi ya kutufundisha kuhusu atrazini, ingawa lita 400 ni kidogo mno kulinganisha na kiasi kilichokuwa kikiingia mitoni kila mwaka bila kuvuja popote. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ilifika majini kwa njia halali kabisa. Mkulima aliinunua dukani, akaipima kama kibandiko kilivyoelekeza, akainyunyizia shambani kwake mwenyewe, kisha mvua ikanyesha.

Atrazini ilizaliwa Basel, katika maabara za Geigy, kabla kampuni hiyo haijaungana na Ciba mwaka 1970. Geigy ndiyo iliyokuwa na Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 wanakemia wake wengine, Hans Gysin na Enrico Knüsli, walianza kuchunguza familia ya kemikali ziitwazo triazini, zenye pete ya naitrojeni tatu na kaboni tatu. Kwanza ilitoka simazini, halafu mwaka 1958 ikafuata atrazini, na muda si mrefu ilikuwa imeshaingia katika mashamba ya mahindi ya Marekani.

Dawa hii haiunguzi majani. Humwagwa udongoni kabla magugu hayajaota au yakiwa bado machanga, mizizi ikainyonya na kuipandisha hadi majanini, na huko ikauzuia mmea usitumie mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Gugu hufa huku jua likiwaka. Mahindi yenyewe hayadhuriki kwa sababu yana vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafanya kazi, na miwa nayo huivumilia. Aliyewahi kushika jembe kwenye palizi ya pili, jua la saa sita likimchoma mgongo, hahitaji kuelezwa kwa nini wakulima wa Illinois na Iowa waliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi, ikafanya kazi msimu mzima, na kwa miongo kadhaa Marekani ilitumia tani 30,000 na zaidi kila mwaka.

Sifa iliyomfurahisha mkulima ndiyo iliyomponza mnywaji wa maji. Ili izuie magugu kwa wiki nyingi, dawa ilibidi isioze upesi. Ili ifike mizizini, ilibidi iyeyuke majini na isigande sana kwenye udongo. Sasa dawa isiyooza upesi, inayoyeyuka na isiyoshikwa na udongo, mvua kubwa ikinyesha wiki mbili baada ya kupanda itakwenda wapi? Tuseme hekta moja imepata kilo moja, na mvua imeondoka na asilimia moja tu, yaani gramu 10. Kikomo cha atrazini katika maji ya kunywa nchini Marekani ni mikrogramu 3 kwa lita, sawa na gramu 3 katika lita milioni moja. Gramu 10 hizo kutoka hekta moja zinatosha kufikisha zaidi ya lita milioni 3 za maji kwenye kikomo. Mto Maumee peke yake, unaoingia Ziwa Erie, unapita katikati ya mamia ya maelfu ya hekta za mahindi na soya.

Waliolifuatilia jambo hili kwa uvumilivu walikuwa watu wa chuo kidogo, Heidelberg College, katika mji wa Tiffin, jimbo la Ohio. Mwanabiolojia David Baker na wenzake walikuwa wakichota maji ya mito inayoelekea Ziwa Erie, Sandusky na Maumee ikiwemo, tangu miaka ya 1970. Mwanzoni walikuwa wakitafuta mbolea, yaani fosforasi na naitreti, kwa sababu ziwa lilikuwa likijaa mwani. Katika miaka ya 1980 waliongeza dawa za magugu. Hawakuchota mara moja kwa mwezi kama ilivyokuwa desturi. Waliweka mashine mtoni zilizokuwa zikijaza chupa kadhaa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na hapo ndipo siri ilipojitokeza. Karibu mwaka mzima mstari wa atrazini ulitambaa chini kabisa ya karatasi. Mwezi Mei na Juni, mvua za kwanza baada ya kupanda zilipokuja, uliruka juu kama mkuki, ukashuka, ukaruka tena mvua ya pili iliponyesha, kisha ukaanza kuteremka polepole hadi vuli. Anayechota Januari hawezi kuona kitu. Mwaka 1989 wanasayansi wa serikali, Donald Goolsby na Michael Thurman miongoni mwao, walipima mito na vijito zaidi ya 100 katika majimbo 10 ya ukanda wa mahindi wakakuta sura ileile kila mahali.

Jambo lililowashtua zaidi watu wa mitambo lilikuwa la bombani. Mwaka huohuo wa 1989 Baker, pamoja na Richard Miltner na wenzake wa shirika la serikali la mazingira, EPA, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu mitambo ya maji ya miji midogo ya Ohio. Atrazini iliingia mtamboni na mto, ikapita kila hatua, ikatokea upande wa pili karibu kama ilivyoingia.

Hatua zenyewe ni zile ambazo hata Ruvu, unakotoka sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, zinajulikana. Maji ya mto hutiwa shabu au dawa nyingine ya kugandisha, uchafu ukakusanyika kuwa mabonge, mabonge yakazama, maji yakapita kwenye mchanga, mwisho yakatiwa klorini. Mfumo huo umeokoa watu wengi kuliko hospitali zote, nami siusemi kwa dharau. Ila ulibuniwa kukamata tope na kuua vijidudu. Kichujio cha chai hukamata majani, hakikamati sukari. Na atrazini imo majini kama sukari ilivyomo katika chai. Shabu haina cha kuishikia. Mchanga hauna habari nayo. Klorini haiivunji.

Kilichoweza kuikamata kilikuwa mkaa, na mkaa ulikuwa umefika mitamboni kitambo, kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 1785 huko St. Petersburg, mfamasia Johann Tobias Lowitz alikuwa akihangaika na asidi ya tartariki iliyokuwa ikigeuka rangi kila alipoichemsha. Aligundua kwamba ikigusana na mkaa, rangi inaondoka. Akajaribu kwa vitu vingine, baadaye akapendekeza mkaa utumike kuzuia maji ya mapipa ya merikebu yasivunde. Wenye viwanda vya sukari wakaudaka ujuzi huo: mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19 sukari ya Ulaya ilianza kusafishwa kwa mkaa wa kuni, halafu kwa mkaa wa mifupa. Bado ulikuwa mkaa wa kawaida. Aliyeubadilisha alikuwa Raphael von Ostrejko, ambaye mwaka 1900 na 1901 alipata hataza za kuuchoma upya mkaa kwa mvuke au hewa ya kabonidioksidi ukiwa mwekundu wa moto. Mvuke hula sehemu laini za mkaa na kuacha vitobo, na ndani ya kila kitobo vitobo vingine vidogo zaidi, hadi vile vyenye upana wa molekuli chache tu. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo, mkaa amilifu, ina kuta za ndani zenye ukubwa wa mita za mraba 1,000 hivi.

Kisha vita vikaja. Aprili 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia klorini ikapeperuka na upepo kuelekea kwenye mahandaki ya Wafaransa na vikosi vyao vya Afrika Kaskazini. Katika miezi iliyofuata kila jeshi lilitafuta barakoa, na Mrusi Nikolai Zelinsky akaonyesha kwamba mkaa amilifu unanasa gesi za namna nyingi. Mkaa uliofaa kuliko mingine ulitokana na vifuu vya nazi, kwa ugumu wake na udogo wa vitobo vyake. Marekani ilipoingia vitani na vifuu visitoshe, wananchi waliombwa mwaka 1918 wakusanye mbegu za pichi na maganda ya njugu ngumu wayapeleke yakachomwe. Vita vilipokwisha, viwanda vya mkaa vilibaki na uwezo mkubwa kuliko wateja.

Wateja walipatikana majini. Katika miaka ya 1920 miji ya viwanda ilikuwa ikinywa maji yenye ladha ya dawa ya hospitali, kwa sababu fenoli kutoka viwandani ilikuwa ikikutana na klorini mtamboni. Watu walilalamika. Karibu na mwaka 1930 George Spalding, aliyekuwa akisimamia mtambo wa New Milford wa kampuni ya maji ya Hackensack, New Jersey, alianza kutia unga wa mkaa amilifu ndani ya maji, ladha ikatoweka. Mwaka 1930 mji wa Bay City, Michigan, ulijaza machujio yake mkaa wa punjepunje. Mamia ya miji mingine ikafuata. Kwa hiyo atrazini ilipokuja kuonekana mitoni, nusu karne baadaye, mafundi wengi walikuwa tayari na magunia ya unga wa mkaa stoo, ya kutumia miezi ya joto mwani unapoyaharibu maji ladha. Hawakujua kwamba unga huohuo ungekuwa kinga yao pekee dhidi ya kitu kisicho na ladha wala harufu.

Mkaa hauchuji atrazini kama wavu unavyokamata samaki. Molekuli ya atrazini haipendi sana maji. Ikipita karibu na ukuta wa kaboni ndani ya kitobo, inaunata na kubaki. Nguvu inayoishika ni ndogo, lakini kitobo kikiwa na upana unaokaribiana na wa molekuli, kuta huishika pande zote kwa pamoja na haichomoki. Kazi hiyo inataka muda. Unga ukitiwa mwishoni kabisa mwa mtambo, dakika chache kabla ya mchanga, sehemu kubwa ya mkaa huzama bila kufanya lolote. Ukitiwa pamoja na klorini, mkaa na klorini huangamizana, fundi akapoteza vyote viwili. Na kuna washindani. Maji ya mto yana mabaki ya majani na mizizi iliyooza, yaliyoyeyuka na kuyapa rangi ya chai nyepesi. Hayo hupimwa kwa miligramu, atrazini kwa mikrogramu, maana yake washindani ni mara elfu kwa wingi. Wanaingia mlango uleule na kujaza vyumba.

Ndiyo maana hesabu ya mkaa haipatikani kitabuni. Fundi huitafuta mwenyewe, na anavyoitafuta ni jambo la kupendeza kulitazama. Kuna mashine ya glasi sita zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na kasia lake dogo linalozunguka. Anazijaza maji ya mto ya asubuhi hiyo. Ya kwanza haitii mkaa. Za pili hadi za sita anazitilia miligramu 5, 10, 20, 30 na 40 kwa lita. Maji yanageuka meusi ti kama wino. Makasia yanazunguka kwa muda uleule ambao maji huchukua kupita mtamboni kwake, kisha anatia shabu, anaacha yatulie, anachuja. Glasi zote sita sasa ni nyeupe pe, na kwa jicho hakuna awezaye kuzitofautisha. Tangu miaka ya 1990 hivi, mitambo isiyo na maabara kubwa imeweza kutumia vipimo vya kingamwili: tone la maji katika kila kijibomba, dawa ya rangi, kusubiri. Katika vipimo hivyo mambo huenda kinyume, kwani rangi ikikolea ndipo atrazini ilipo kidogo. Vijibomba sita mstari mmoja, vya kwanza vimepauka, vya mwisho buluu iliyoiva, na fundi anachagua cha bei ndogo kuliko vyote kati ya vile vilivyoshuka chini ya kikomo.

Tuseme jibu ni miligramu 20. Hiyo ni kilo 20 za mkaa katika kila lita milioni moja, kwa ajili ya kukamata gramu chache tu za dawa ya magugu. Mji unaotumia lita milioni 10 kwa siku utatia kilo 200 kila siku, siku baada ya siku, mpaka mto utulie. Unga huo ni mwepesi kuliko vumbi la makaa ya kawaida, unaingia puani, kwenye mikunjo ya nguo, chini ya kucha. Na ni wa kuogopwa: mkaa uliolowa hunyonya oksijeni hewani, na fundi anayeshuka ndani ya tangi lake bila kupima hewa anaweza kuanguka asiinuke. Mkaa wa unga hautumiki tena. Ukishashiba huzama na tope la shabu, ukatupwa nalo.

Upande wa pili wa Atlantiki walichagua njia nyingine, kwa sababu sheria yao ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1980 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha maagizo ya maji ya kunywa yaliyoweka kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila dawa ya shambani na 0.5 kwa jumla yake. Kikomo hicho hakikutokana na mahesabu ya sumu. Kilikaribiana na kiwango cha chini kabisa ambacho maabara za wakati ule ziliweza kukiona, na maana yake ilikuwa kwamba dawa za shambani hazina haki ya kuwemo katika maji ya kunywa. Wapo wanaokiona ni kikomo cha kisiasa. Mimi naona kina busara kubwa, maana kinamwondolea mnywaji mzigo wa kuthibitisha kwanza kwamba ameumwa.

Uingereza ilipouza mamlaka zake za maji kwa kampuni binafsi mwaka 1989, kampuni hizo zilirithi mito iliyozidi kikomo hicho. Atrazini na simazini zilikuwa Thames na kwenye visima vya kusini mwa nchi, na sehemu kubwa haikutoka kwa mahindi bali kwa reli na kingo za barabara, zilizokuwa zikinyunyiziwa zisiote nyasi. London ilikuwa na machujio ya mchanga ya polepole, aina ambayo James Simpson aliijenga Chelsea mwaka 1829, mapana kama mashamba. Kuyang'oa na kujenga mapya kungegharimu mno. Wahandisi wa Thames Water wakaja na wazo la kuweka tabaka la mkaa wa punje katikati ya mchanga, mchanga juu na mchanga chini. Mchanga wa juu ungeendelea na kazi yake ya siku zote, mkaa ungenasa dawa, na mkaa ukichoka ungeondolewa, kuchomwa upya kwenye tanuru la zaidi ya nyuzi 800 na kurudishwa. Walianza kulijenga kwa ukubwa kamili mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami naliona ni mojawapo ya mawazo mazuri kabisa katika historia ya maji ya miji: chujio la miaka 160 kupewa uwezo mpya bila kubomolewa.

Lakini lilikuwa na bei. Profesa Jules Pretty wa Chuo Kikuu cha Essex na wenzake walipokokotoa mwaka 2000 gharama ambazo kilimo cha Uingereza huwatwika watu wasio wakulima, kuondoa dawa za shambani katika maji ya kunywa peke yake kulifika pauni milioni 120 kwa mwaka. Fedha hizo zililipwa na mwananchi ndani ya bili ya maji. Aliyeuza dawa hakuchangia, wala aliyeinyunyiza hakuambiwa.

Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1993 matumizi ya atrazini na simazini nje ya kilimo, na viwango mitoni vikaanza kushuka. Umoja wa Ulaya wote uliamua mwaka 2004 kuiondoa atrazini sokoni, kwa hoja kwamba haikuweza kuthibitishwa kuwa maji ya ardhini yangebaki chini ya 0.1.

Marekani haikufika huko. EPA ilitangaza mwaka 1991 kikomo cha mikrogramu 3, kikaanza kutumika mwaka 1992, na mkaa wa punje ukatajwa kuwa ndiyo teknolojia bora ya kukifikia. Kikomo hicho kilipimwa kwa wastani wa mwaka. Mji uliopata 8 katika robo ya masika, 1 katika robo iliyofuata na 0.5 katika robo mbili zilizobaki una wastani wa 2.5, umefaulu. Wanywaji wa Juni hawaonekani katika hesabu hiyo, hata mjamzito. Wataalamu hawakubaliani kuhusu madhara ya viwango hivyo. Katika panya, dozi kubwa huvuruga homoni inayochochea upevushaji wa yai; Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza mwaka 2002 kwamba vyura waliokulia kwenye maji ya mikrogramu 0.1 walipata maumbile ya kike na ya kiume kwa pamoja, na kampuni ya dawa ikampinga vikali kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani nalo lilipandisha kikomo chake kutoka mikrogramu 2 hadi 100 katika mwongozo wa mwaka 2011. Ninayasema haya yote kwa sababu msomaji anastahili kuyajua. Hayanibadilishi msimamo: mabishano ya wataalamu si sababu ya kumnywesha mtu kitu ambacho hakukiomba, halafu kumdai gharama ya kukiondoa.

Ndilo dai lililopelekwa mahakamani. Kusini mwa Illinois miji midogo mingi hunywa maji ya mabwawa iliyoyachimba yenyewe, na mabwawa hayo yamezungukwa na mahindi hadi ukingoni. Holiday Shores ni mtaa mdogo wa aina hiyo, katika wilaya ya Madison, uliojengwa kuzunguka ziwa lake. Mwaka 2004 mamlaka yake ya maji iliishtaki Syngenta, kampuni iliyozaliwa mwaka 2000 na kuirithi atrazini kutoka ukoo wa Geigy, pamoja na wauzaji wengine. Hawakudai kwamba mtu fulani ameugua. Walidai kwamba bidhaa ya kampuni imeingia katika maji yao kwa sababu ya tabia iliyokuwa ikijulikana, na kwamba wao wamekuwa wakinunua mkaa. Kesi hiyo ilikwenda mwendo wa kinyonga. Mwaka 2010 mji wa Greenville, Illinois, ulifungua nyingine katika mahakama ya shirikisho, kwa niaba ya miji mingi ya ukanda wa mahindi.

Mei 2012 Syngenta ilikubali kulipa dola milioni 105 bila kukiri kosa. Zaidi ya mamlaka za maji 1,000 zilipata mgao, baada ya mawakili kuchukua karibu theluthi moja. Ukigawanya kilichobaki, wastani ni makumi ya maelfu ya dola kwa mji, malipo ya mara moja. Mtambo mpya wa mkaa wa punje kwa mji mdogo huweza kumeza zaidi ya hapo, na kila baada ya miezi kadhaa mkaa wake hushiba na kudai kubadilishwa. Pamoja na hayo sitaiita kesi ile kazi bure. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka nyingi kiasi kile kurudishiwa sehemu ya fedha za mkaa na mtengenezaji wa dawa ya magugu, tena miji ya wakulima, yenye madiwani waliokuwa wakiinyunyizia dawa hiyohiyo mashambani mwao.

Sisi huku hatupo mbali na hadithi hii. Atrazini inauzwa katika maduka ya pembejeo Kenya na Tanzania kwa ajili ya mahindi na miwa, na mitambo yetu mingi inaishia kwenye shabu, mchanga na klorini. Vifuu vya nazi, mali ghafi ya mkaa amilifu bora kuliko wote, Sri Lanka, India na Ufilipino wanavigeuza kuwa bidhaa ya kuuza dunia nzima. Kwetu kuanzia Kilifi hadi Mkuranga vinaishia jikoni kama kuni. Ningependa kuona vinachomwa kwa ajili ya maji. Ningependa zaidi kuona maji ya mito yetu yanapimwa wiki za kwanza baada ya kupanda, siyo mwezi wowote uliopatikana.

Maana mkaa nao una mwisho wa uwezo wake. Atrazini ikivunjika udongoni huacha watoto, kama desethilatrazini, wanaopenda maji kuliko mzazi wao na wanaonaswa kwa shida. Waingereza walikutana na mfano mchungu zaidi mwaka 2007, vipimo vipya vilipoanza kuonyesha metaldehidi, dawa ya kuua konokono wa mashambani, katika maji ya bomba. Molekuli yake ni ndogo na inapenda maji. Ilipenya mkaa ulioigharimu nchi fedha nyingi, ikapenya na ozoni. Hapo kampuni za maji zilifanya jambo ambalo hazikulifanya kwa atrazini. Zilituma watu mashambani, shamba kwa shamba kando ya vijito vinavyoingia mabwawani mwao, na kuwalipa wakulima tofauti ya bei ili watumie fosfeti ya chuma badala yake. Viwango vilishuka katika mabonde waliyofanya hivyo. Kuanzia tarehe 31 Machi 2022 matumizi ya metaldehidi nje yalipigwa marufuku nchini Uingereza, na tatizo ambalo hakuna chujio lililolimudu likaanza kupungua kutoka shambani.